Aliyekaa Kushoto

9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, gundi mikononi kama kawaida na simu umeizima. Ndiyo maana naandika. Wiki iliyopita nilikupigia mara nne nikachoka kuambiwa hupatikani. Sisi hapa hatujambo. Mguu wa mama umepona, na sasa anapanda ngazi za ghorofa zote tatu bila kushika ukuta, kisha anasimama mlangoni kujisifu kwa muda mrefu kuliko aliotumia kupanda. Anasema wifi yake amemtupa. Mwandikie hata mstari mmoja.

Majirani wakimuuliza kazi yangu, anawaambia natunga sheria. Wananiheshimu mno, na mmoja alishaniletea kesi ya uzio. Nimeshindwa kumwambia kwamba sheria zangu ni za mchezo wa mezani: mtu mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja ana msafiri wake kwenye karatasi, na dadu zinaamua nani atavuka mto na nani atabaki majini.

Jambo lenyewe ni hili. Toleo la Nne la kitabu chetu cha kanuni limetoka. Miaka mitatu nimekaa nalo kwenye meza ya dirishani, mpaka kiti kimepata umbo langu. Nimekutumia nakala kwa posta. Najua msimamo wako. Najua utasema kitabu kimoja kinatosha, na kwamba meza yenu ya Jumamosi imecheza na toleo la kwanza miaka kumi na tisa bila kumhitaji mtu wa kuja kuwarekebishia. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla hujakasirika, fungua ukurasa wa themanini na sita. Sitakueleza kuna nini. Ukishasoma, kasirika unavyotaka.

Nisalimie wenzako wa mezani, Nesi na Mwalimu. Msalimie pia Fundi Saa, na umwambie sijamsamehe kwa lile daraja alilolivunja katika simulizi yake na sisi tukiwa juu yake.

Mwanao

* * *

2 Februari

Mwanangu, Bwana Kanuni,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unauma kidogo lakini ni wa zamani, tumezoeana. Kazi ni nyingi. Shule tatu zimeleta madaftari ya mahudhurio kwa mpigo, na kila mwalimu mkuu anadhani yake ndiyo ya haraka. Mstari wa mama yako nimeuweka ndani ya bahasha hii. Mwambie asijisifu mlangoni, upepo utamrudisha chini.

Kifurushi kimefika. Ni kizito. Nimekiweka juu ya vitabu viwili vinavyokauka gundi, kwa sababu jiwe langu la kukandamizia limepasuka. Kinafanya kazi nzuri sana. Sijakifungua.

Nimejalidi vitabu miaka thelathini na moja. Watu huniletea vitabu vilivyochakaa kwa sababu wanavipenda, na mimi huvirudisha vikiwa vinashikika tena. Sijawahi kumwambia mteja atupe alicho nacho akanunue kingine kinachosema yale yale kwa maneno tofauti kidogo. Ninyi mnafanya hivyo kila baada ya miaka mitano na mnaita maendeleo. Kesho mtatoa la tano, keshokutwa la sita, na aliyenunua la kwanza ataonekana mshamba mezani pake mwenyewe.

Sasa sikiliza. Fundi Saa amekinunua. Mtu anayekesha kuokoa saa za marehemu babu za watu, ndiye aliyeingia karakanani kwangu na kitabu kipya kwenye mfuko wa nailoni, anang'aa kama yeye ndiye mpya. Anasema kuanzia sasa atasimulia kwa hicho. Mwalimu wa hesabu amefurahi kwamba hesabu zimepunguzwa. Nesi alisema yeye atacheza chochote mradi asikae chini ya feni. Nikawaambia karakana ni yangu, meza ni yangu, na hapa kuna kitabu kimoja. Fundi Saa akafunga mfuko wake akasema, “Basi tutacheza penye nafasi ya viwili.” Hatukupandishiana sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Wewe ulikua ukaondoka, na ilikuwa haki yako. Lakini mwanangu, Jumamosi ndiyo siku pekee ninayosikia sauti za watu humu ndani. Siku nyingine nasikia mashine ya kukatia karatasi. Kitabu chenu kinanivunjia meza, na nasikia jina lako limo kwenye utangulizi.

Shangazi yako

* * *

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilimsomea mama barua yako kwa sauti. Alipofika, yaani nilipofika, kwenye kifurushi kinachokandamiza vitabu, alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniangalia, akaona mimi sicheki, akaendelea peke yake. Anakushukuru kwa mstari. Amesema ulikuwa mstari mmoja kweli, hukumzidishia hata nukta.

Hebu tusikilizane. Unayosema si ya uongo. Yapo matoleo yanayotolewa kwa ajili ya fedha tu: jalada linabadilishwa rangi, farasi aliyetazama kulia anageuzwa atazame kushoto, na watu wanaombwa wanunue upya. Niliwahi kukaa kwenye kikao jambo hilo likisemwa waziwazi, nikanyamaza, na mpaka leo naona haya. Lakini kitabu cha kanuni hutumika, na kutumika ndiko kunakoonyesha ubovu wake. Toleo la kwanza lilisema msafiri asiyeona hawezi kuongoza njia. Tulipata barua ya msomaji asiyeona, ambaye ndiye msimulizi wa meza yao kwa miaka sita na kitabu husomewa na mkewe. Tuiache kanuni hiyo kwa sababu ni ya zamani?

Na ninyi je? Pembezoni mwa kitabu chenu kuna penseli ya Fundi Saa, kuna wino mwekundu wa Mwalimu, kuna mahali Nesi ameandika “hapana” na kupiga mstari mara mbili. Hilo ni toleo lenu. Tofauti ni kwamba ninyi hamkumuuzia mtu.

Kuhusu meza, imeniuma. Sikulala vizuri. Chezeni wiki hii kipya, wiki ijayo cha zamani, hakuna atakayekufa. Na fungua ukurasa wa themanini na sita, nakusihi. Kazini kuna maneno maneno kuhusu ukurasa huo huo. Si jambo kubwa, ila ningependa kusikia lako kabla ya kusikia la wengine.

Mwanao

* * *

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Unisamehe kwa kukawia, kazi zilinizidi. Madaftari ya shule yamekwisha na kila mwalimu mkuu amesema ya mwenzake yametoka vizuri zaidi. Nimepaka dirisha rangi. Nimepanga nyuzi kwa rangi zake, kisha nikazipanga upya kwa unene. Jumamosi iliyopita nilisafisha chini ya mashine ya kukatia, mahali ambapo ufagio haujafika tangu inunuliwe, nikakuta mkasi ambao kwa miaka minne nilimshutumu Nesi kuuchukua. Itabidi nimwambie nikimwona.

Kuhusu asiyeona kuongoza njia, mmefanya vizuri. Hilo nakupa, na usivimbe kichwa.

Unaniuliza habari za meza. Meza ipo. Nimeipiga msasa.

Ukurasa wa themanini na sita sijausoma. Kifurushi bado kina kazi. Mwambie wifi yangu avae soksi, sakafu za ghorofani zina baridi.

Shangazi yako

* * *

11 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa wazima. Mama amevaa soksi, ameniamuru niiandike hivyo ili usiwe na la kuongeza.

Mwalimu ameniandikia. Usimkasirikie, nilimwuliza mimi. Amesema tangu mwisho wa Februari wanachezea sebuleni kwake, Fundi Saa akisimulia, yeye na Nesi wakisafiri, na kwamba Nesi alikwenda shingo upande. Amesema wasafiri wawili hawatoshi kuvuka chochote. Amesema Fundi Saa amefika mlangoni kwako mara mbili akageuka bila kubisha. Na wewe unaniandikia kwamba meza ipo na umeipiga msasa.

Sasa itabidi nikuambie kile nilichotaka ukione mwenyewe. Ukurasa wa themanini na sita ni kanuni ya kuanguka. Ni yetu. Msafiri akiishiwa nguvu huanguka, na aliyekaa kushoto kwake humpa nusu ya alivyo navyo, na safari inaendelea. Katika toleo la pili na la tatu haikuwemo. Aliyeanguka alihesabiwa amekufa, akakunja karatasi yake na kukaa kutazama wenzake wakicheza. Nilipoajiriwa nilishangaa sana nani aliiondoa kanuni nzuri kuliko zote. Nimeipigania miaka mitatu. Wamenipunguzia hapa na pale, lakini imeingia. Na kwenye utangulizi nikaandika, kwa jina langu, kwamba tumeirudisha kanuni ya zamani ya toleo la kwanza. Nilitaka uifungue uone kwamba nilikwenda mbali bila kuwasahau.

Barua zilianza kuja Januari. Wachezaji wa zamani wanauliza ni toleo gani hilo la kwanza. Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka hata akitekenywa, alifungua kabati la kumbukumbu, akatoa nakala ya ofisi, akaniwekea mezani. Haimo, Shangazi. Mwisho wa ukurasa wa arobaini na nane unasema msafiri akiishiwa nguvu huanguka, na aliyekaa kushoto kwake. Unahamia wa arobaini na tisa, unakuta: ndiye anayefuata kutupa dadu. Basi. Huyu amekufa, zamu inaendelea. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Kosa langu ni kwamba sikwenda kabatini kabla ya kuandika. Haikunipitia akilini. Nilikuwa na uhakika na kanuni ile kuliko na jina langu. Sasa ofisini wanasema nimetunga uongo ili jambo langu lipite, na kwamba watu wamenunua kitabu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Nimepewa hadi tarehe kumi na tano Mei nilete ushahidi, la sivyo naondolewa kwenye kanuni.

Nadhani toleo la kwanza lilichapwa mara mbili na maandishi yakatofautiana. Kitabu chenu ndicho ushahidi. Kurasa zake hazina namba, nakumbuka, lakini ukurasa utaujua. Upige picha pamoja na ule unaofuata, au nitumie kitabu chote, nitakirudisha kwa mkono wangu. Sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao

* * *

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Picha sitatuma, na kitabu sitakituma. Si kwa hasira. Nina la kukuambia, nimelianza mara tatu na karatasi zote tatu ziko kwenye kapu. Nivumilie. Msalimie mama yako.

Shangazi yako

* * *

19 Mei

Mwanangu,

Najua tarehe kumi na tano imepita. Ningeweza kuandika mapema na sikuandika, kwa hiyo lolote lililokupata lina mkono wangu. Lakini nianze na salamu, maana nikiziruka nitaonekana nina haraka ya kujitetea. Marahaba. Mimi mzima. Mvua imeingia upande wa dirisha nililolipaka rangi. Natumaini wewe na mama yako hamjambo, na mguu wake pia.

Hakukuwa na kuchapwa mara mbili. Kulikuwa na mimi.

Fundi Saa alikiokota kitabu kile kwenye sanduku la vitabu vya kutupwa. Hakina jalada, uzi umeoza, pembe za chini zimeliwa na panya. Nilikifumua chote. Unajua kitabu hushonwa kwa mikunjo, kila mkunjo kurasa kumi na sita. Nikaanza kwa kukata zile pembe zilingane, na namba za kurasa zilikuwa huko huko chini, zikaenda na takataka. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi hivyo. Kisha nikaweka mkunjo wa tano kabla ya wa nne, nikashona, nikatia gundi, nikajipongeza. Ukurasa wa arobaini na nane ukakutana na wa sitini na tano. Na wa sitini na tano ni wa sura nyingine kabisa, inayomhusu msafiri anayemkuta mwenzake njiani hana maji. Unaanza hivi: humpa nusu ya alivyo navyo, na safari inaendelea.

Hiyo ndiyo kanuni yetu. Ndiyo sababu pia kwetu mnyama mzee kuliko wote pangoni alikuwa na zamu yake ya kutupa dadu. Pale napo kurasa mbili zilikutana bila kujuana: wa themanini uliishia kwa mnyama huyo, na wa arobaini na tisa ukaanza, ndiye anayefuata kutupa dadu. Fundi Saa amemtupia mnyama yule dadu miaka kumi na tisa, na Mwalimu alishatueleza kwa kirefu kwa nini ni haki.

Ningeweza kukomea hapo, ungeniita mzembe, tukacheka. Lakini nilijua. Wiki ya tatu tangu nikishone, mteja aliniletea nakala nyingine ya kitabu kile kile nimbadilishie jalada, nikalinganisha, nikaona. Kazi ya saa moja tu: kukata uzi, kubadilishana mikunjo miwili, kushona upya. Nilikuwa nimeshashika kisu.

Ila Jumamosi iliyotangulia ndipo ulipokaa nasi mezani mara ya kwanza. Kaka yangu tulikuwa tumemzika majuma saba kabla, mama yako amelazwa na madaktari hawasemi kitu, na wewe una miaka tisa na huzungumzi. Ulikuwa unaitika kwa kichwa. Tulikupa msafiri ili mikono yako ipate shughuli. Akaanguka mtoni mzunguko wa kwanza. Ukaanza kukunja karatasi yako uondoke, polepole, bila kulalamika, kama mtu mzima aliyezoea. Fundi Saa akafungua kitabu akasoma: aliyekaa kushoto kwake. Nilikuwa mimi. Nikakupa nusu ya nguvu zangu, nusu ya kamba, nusu ya maji. Uliitazama ile karatasi, ukasema, “Na wewe ukianguka?”

Yalikuwa maneno yako ya kwanza ndani ya nyumba yangu. Nikakujibu kwamba kushoto kwangu yupo Nesi. Ukasimama, ukaburuta kiti chako ukizunguka meza yote, ukamwambia Nesi asogee.

Kisu nikakirudisha mahali pake. Mimi ninayekuhubiria kwamba kitabu hakibadilishwi, nilijua kimoja kimebadilika mikononi mwangu, nikakiacha hivyo, nikanyamaza. Kama mjalidi niliona haya. Kama shangazi niliogopa kwamba ukijua ni kosa la uzi utadhani hata wema wenyewe ulitokea kwa bahati mbaya. Haukutokea kwa bahati mbaya, mwanangu. Nilikuwa na juma zima la kuuondoa. Nisamehe kwa kukuacha ukaandika jina lako chini ya kosa langu. Barua hii ifanyie utakavyo, hata huyo mama asiyecheka mwonyeshe.

Na kuhusu meza, Mwalimu amekuambia kweli. Jumamosi ikifika saa nane natega sikio mlangoni kama mjinga. Juzi nilimfungulia mlango muuza mishumaa kwa furaha kiasi kwamba aliogopa.

Shangazi yako

* * *

8 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, safari hii kwa machozi, nitakueleza.

Kikao kilikuwa kibaya. Nilikwenda mikono mitupu, nikasema nakumbuka, na nilijisikia nikisema nakumbuka mara nyingi mno. Jina langu limeondolewa kwenye utangulizi. Nikahamishiwa meza ya kukagua namba za kurasa. Naona unavyojaribu kutocheka. Mimi sikucheka. Barua yako ilipofika nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilitembea mitaani nikibishana na wewe, na kila mara ulinishinda. Kama ungeandika Aprili, ningeingia kikaoni na ukweli mkononi.

Siku ya tatu nikamsomea mama. Nilipofika pale nilipoburuta kiti, akaniomba nisimame. Akasema kule wodini, kila nilipoletwa kumwona, nilikataa kukaa kwenye kiti cha wageni. Kilikuwa upande wa mlango, kulia kwa kitanda. Nilikuwa nakivuta na kuzunguka nacho hadi upande wa ukuta wenye dirisha, mahali pembamba, na manesi wakanigombeza kwamba nazuia njia. Nikikaa, namshika mkono wa kushoto na kunyamaza. Alidhani napenda dirisha. Miaka kumi na tisa amedhani napenda dirisha. Alilia sana, nami pia, kisha akasema atamwandikia wifi yake mwenyewe, na amejaza kurasa mbili ambazo sikuruhusiwa kuziona.

Hasira iliniisha hapo. Sasa nakuambia wazi usije ukasumbuka nalo tena: nakupenda, na kosa lako ndilo lililonilea.

Asubuhi yake nikampelekea Mkuu barua. Aliisoma yote, akarudi kwenye habari za mikunjo, akachukua ile nakala ya kabatini na kuhesabu kurasa kumi na sita kumi na sita kwa kidole mpaka akapata mahali. Akasema, “Basi si ya zamani. Ni mpya, na mtunzi wake ni shangazi yako.” Hakucheka, lakini alivua miwani na kuifuta, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Chapa ijayo, sentensi yangu ya uongo itaondolewa. Kanuni inabaki. Mimi nitakagua namba mpaka Desemba, kisha atanifikiria. Nimekubali, nimestahili.

Jumamosi hii usitege sikio. Nenda kwa Mwalimu. Fundi Saa ni muoga wa kubisha, na wewe ni mkaidi wa kufungua. Mmoja lazima aanze, na wewe una miguu mizuri.

Mwanao

* * *

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kurasa za mama yako nimezisoma nikiwa nimefunga mlango wa karakana, na sitasema zaidi. Mwambie jibu linakuja, na si mstari mmoja.

Nilikwenda. Jumamosi ya kwanza nilifika kona ya mtaa wa Mwalimu nikarudi, usimwambie mtu. Ya pili nikabisha. Aliyefungua ni Fundi Saa. Tukatazamana, akasema chai ipo. Nikawaeleza habari ya mikunjo mbele ya wote watatu, nimesimama, bila kujipunguzia. Nesi akasema alijua tangu mwanzo kuna kasoro, na hakuna aliyemwamini. Fundi Saa akakisukuma kikombe chake pembeni. Nilidhani ni ile kanuni, kumbe kilichomuuma ni yule mnyama wa pangoni. Anasema amemtupia dadu kwa moyo wake wote. Mwisho akaniomba radhi kuhusu mfuko wa nailoni, nami nikamwomba kuhusu meza, na Mwalimu akatuambia tukae, tunamzibia taa. Wamerudi karakanani. Jumamosi mbili kitabu kipya, ya tatu cha zamani, na mnyama anaendelea kutupa dadu kwenye vyote viwili kwa sababu tumepiga kura.

Kifurushi nimekifungua. Nakala yako nimempa Nesi, kwa ajili ya ule mkasi. Mimi nimekwenda dukani nikanunua yangu. Muuzaji akauliza kama ni zawadi ya mjukuu. Nikamwambia kitabu hiki kimetengenezwa na mwanangu na sipendi kukipata bure. Akanipa risiti haraka.

Sasa malalamiko yangu, nawe uyafikishe kwa Mkuu. La kwanza, mmekigundisha mgongo, hamkukishona, na kabla ya mwaka kitaanza kudondosha kurasa. Aibu kwenu. La pili ni ukurasa wa themanini na sita. Nimeusoma. Mmeandika kwamba msafiri akianguka, yeyote aliye karibu anaweza kumpa nusu. Ulisema wamekupunguzia hapa na pale, sikujua wamekupunguzia hapo. Juzi Mwalimu alianguka kwenye theluji. Mimi nikamtazama Nesi, Nesi akanitazama mimi, kila mmoja ana safari yake mbele, kila mmoja anaona mwenzake yuko karibu zaidi. Mwalimu akakaa anasubiri, na nikamwona ameanza kukunja karatasi yake.

Sitaki kuona hilo tena mezani kwangu. Yeyote ana nafasi ya kutazama pembeni. Aliyekaa kushoto hana, kwa hiyo anatoa. Waambie ofisini kwenu warekebishe. Najua niliyoyasema kuhusu matoleo, usinikumbushe. Toleo la tano likisema kushoto, nitalinunua siku litakayotoka.

Shangazi yako